Risechi ya kuhalalisha bangi: uchukue data ya hospitali, ya barabarani au dodoso, na uisome nchi gani

Msimu wa wanafunzi kuandika risechi ukifika, hapa stationery kwetu Ngamiani, Tanga, mafaili ya bangi hayaishi. Kila mtu kichwa cha habari ni kilekile, athari za kuhalalisha bangi kwa afya na usalama wa jamii, afu ukimuuliza unapima nini anakujibu "madhara". Madhara yepi mdogo wangu, na yameandikwa kwenye daftari la nani? Hapo kimya.

Huku kwetu Tanzania bangi haijahalalishwa, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iko palepale, kwaiyo kitu ambacho hakijatokea huwezi kukipima, itabidi ukasome kwa wenzetu waliofanya. Na hapo unatakiwa kuchagua mara mbili: data ya aina gani, na ya nchi gani. Nimechapa kazi nyingi za namna hii na nyingine nimejikuta nazisoma mpaka mwisho kwa sababu mwenyewe kaacha flashi kaenda kula, kwaiyo nina maoni yangu na nitayasema bila kuzunguka.

Data ya hospitali ndo naipa kura, nasema mapema ujue naelekea wapi. Hospitali mtu kaja mwenyewe au kaletwa, kuna tarehe, kuna umri, kuna alichokutwa nacho daktari, na kuna vitu utavikuta pale ambavyo polisi hawavijui na dodoso halitavisikia kamwe. Mfano ule ugonjwa wa kutapika wa wavutaji wa miaka mingi. Mtu kavuta miaka na miaka hana shida, siku moja anaanza kutapika mfululizo, tumbo linamkata, dawa za kuzuia kutapika hazimsaidii na kitu pekee kinachompa nafuu ni kuoga maji ya moto sana, anaoga mara kibao kwa siku. Madaktari wa Australia waliuandika mwaka 2004, kabla ya hapo wagonjwa wa hivyo walikuwa wanapimwa kila kitu na hakionekani kitu. Jimbo la Colorado kule Marekani walipofungua maduka ya bangi, wagonjwa wa aina hii waliongezeka kwenye vyumba vya dharura. Hilo nani angekwambia kwenye dodoso? Hakuna swali linalouliza unaoga mara ngapi.

Lakini sikiliza mtego wake, mana ndo wanaponasa wengi. Hospitali za Marekani kila mgonjwa anapewa kodi za ugonjwa (code, yaani namba maalumu za kutambulisha ugonjwa, sio kodi ya kulipa), na kodi yenye bangi maana yake bangi imetajwa, haimaanishi bangi ndo imemleta. Mtu kavunjika mguu, kaulizwa unatumia nini kasema navuta, kodi ikawekwa. Kuna hospitali moja kubwa ya Colorado, ile ya chuo kikuu, watafiti walichukua wagonjwa wa dharura wa 2012 mpaka 2016, wenye kodi ya bangi wakawa 9,973, afu wakakaa wakasoma mafaili moja baada ya jingine, wakabaki na 2,567 tu ambao bangi kweli ilichangia kuwaleta. Robo! Yaani mwanafunzi aliyechukua ile namba ya kwanza akachora grafu yake, robo tatu ya grafu ni watu waliokuja kwa mambo mengine. Na ongeza hili, Oktoba 2015 Marekani nzima ilibadilisha toleo la kodi zenyewe, kutoka la 9 kwenda la 10, kwaiyo ukiona mstari umeruka ghafla kuanzia hapo, kabla hujalaumu bangi laumu kwanza kodi.

Kwenye walewale 2,567 kuna kitu kingine kitamu, na ndo kilichonifanya niipende data hii. Kati yao 238 walikuwa wamekula bangi, sio kuvuta, yaani biskuti, pipi, keki. Karibu mmoja kati ya kumi. Unaweza kuona ni kidogo, lakini ukipima mauzo kwa uzito wa THC, ile kemikali yenyewe inayolewesha, bidhaa za kula zilikuwa asilimia 0.32 tu ya mauzo yote. Haifiki hata nusu asilimia ya mzigo, inaleta karibu asilimia 10 ya wagonjwa. Sababu yake inaeleweka kabisa, moshi unapanda kichwani ndani ya dakika, mtu anajua ameshalewa anaacha, ila ukila inapita tumboni na kwenye ini, inaweza kuchukua nusu saa mpaka saa mbili, wewe unaona mbona sisikii kitu, unaongeza kipande. Mwaka 2014 Denver, hukohuko Colorado, mwanafunzi mgeni alikula kipande cha biskuti hakusikia kitu, akamalizia iliyobaki, akaja kuruka kutoka kwenye roshani ya hoteli akafa. Baada ya hapo jimbo likabana mambo ya vifungashio na vipimo, dozi moja miligramu 10 inayoonekana wazi.

Na wageni kwa ujumla walijaa. Hospitali hiyohiyo iliona wagonjwa wa dharura wa bangi wanaotoka nje ya jimbo wameongezeka karibu mara mbili kati ya 2013 na 2014, mwaka maduka yalipofunguliwa, wakati wenyeji hawakubadilika hivyo. Hii ukiwa Tanga unaweza usione uzito wake ila ukiwa Bagamoyo au Zanzibar kwenye watalii unaelewa haraka.

Haya, barabara. Data ya ajali ndo inavutia siku ya kutetea risechi mbele ya paneli ya walimu, mana kila mjumbe wa paneli anapanda gari na kila mmoja ana hadithi ya bodaboda aliyevuta. Na namba zake zinatisha vizuri: jimbo la Washington, taasisi ya utafiti ya chama cha wenye magari cha AAA ilikadiria kwamba madereva waliokutwa na THC kwenye damu, kati ya waliohusika kwenye ajali za vifo, walitoka asilimia 8 mwaka 2013 wakafika 17 mwaka 2014. Imeongezeka mara mbili ndani ya mwaka mmoja, si ndo ushahidi huo?

Polepole. Pombe inaingia kwenye damu na kutoka kwa saa, ukiipima unajua kwa kiasi fulani mtu kalewa kiasi gani muda huo. THC inapenda mafuta, inajificha mwilini, mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa nayo kwenye damu siku kadhaa baada ya kuacha, na mabaki yake kwenye mkojo yanaweza kukaa hata mwezi. Kwaiyo kukutwa nayo sio sawa na kuwa umelewa wakati unaendesha. Washington waliweka kwenye sheria nanogramu 5 kwa mililita moja ya damu, ukizidi una kosa, na wataalamu wamekuwa wakiipinga hiyo namba toka siku ya kwanza kwa sababu hiyohiyo. Afu bangi ikihalalishwa wavutaji wakiongezeka, wenye THC kwenye damu wataongezeka kwenye ajali, msibani na kwenye foleni ya benki vilevile. Swali lako ni kama ajali zenyewe zimeongezeka.

Na hapo wasomi wamegawanyika. Mwaka 2017 kuna utafiti ulilinganisha Colorado na Washington na majimbo mengine yanayofanana nayo ambayo hayakuhalalisha, ukaangalia vifo vya barabarani miaka mitatu ya mwanzo, haukuona tofauti ya maana. Mwaka huohuo watu wa bima, Highway Loss Data Institute, wakaangalia madai ya ajali Colorado, Oregon na Washington wakakuta yamezidi kwa kama asilimia 3 ukilinganisha na majirani. Nani muongo? Mimi naona hakuna, mmoja anahesabu maiti na mwingine anahesabu bampa zilizogongwa, na ajali ndogo inaweza kuongezeka bila vifo kuongezeka. Ila mwanafunzi anachukua mmoja anauacha mwingine kutegemea na alichokwishaamua kichwani, na supavaiza mzuri atakukamata hapohapo.

Ukitaka kuileta habari hii ya barabara nyumbani utakwama mapema. Bodaboda kaanguka pale Pongwe barabara ya Segera, kaletwa hospitali ya Bombo na PF3, ile fomu ya polisi, mkononi, atafungwa jeraha atapigwa picha ya mfupa, kupimwa damu kama ina bangi sio jambo la kila siku. Hata huko Marekani sio kila dereva anapimwa, na polisi wakianza kupima zaidi watakuta zaidi. Kwaiyo barabara kwangu ni ya pili, nzuri kwa anayejua takwimu, hatari kwa anayetaka namba moja ya kushtua.

Dodoso sasa. Kila mtu anapenda dodoso mana ni rahisi, unachapa karatasi, na mimi nauza karatasi sina shida nalo. Na kuna jambo moja ambalo dodoso pekee ndo linaweza: kukuambia wangapi wanatumia, wakiwemo wale wasioumwa na wasiogonga. Wasiwasi mkubwa wa watu kabla ya kuhalalisha ulikuwa watoto wa shule, na Colorado wana dodoso lao la shule za sekondari, linauliza kama umevuta ndani ya siku 30 zilizopita. Kutoka 2013 mpaka 2019 majibu yalikaa palepale, kama mwanafunzi mmoja kati ya watano, halikupanda kama wapinzani walivyotabiri. 2021 likashuka mpaka asilimia 13, ila huo ni mwaka wa Korona, watoto wamefungiwa ndani na wazazi, kwaiyo usikimbilie kushangilia.

Shida ya dodoso ni mbili. Mtu anaweza kudanganya, na uongo wenyewe unabadilika: kitu kikiwa haramu wanaficha, kikiwa halali wanasema, unaona ongezeko kumbe ni midomo imefunguka. Ya pili naiona kubwa zaidi, dodoso la shule linamkuta aliyeko shule. Yule aliyeacha shule form two anashinda maskani hajaulizwa chochote, na huyo ndo ungetaka kumjua.

Kuna wanaochukua data ya polisi, nipite haraka. Colorado waliokamatwa kwa bangi walikuwa 12,709 mwaka 2012, mwaka 2017 wakawa 6,153. Sasa hiyo inakupimia nini? Inakupimia sheria na polisi. Ukitaka kuandika haki za watu ni data ya dhahabu, mana hata baada ya kushuka hivyo watu weusi waliendelea kukamatwa karibu mara mbili ya weupe, ila kwa afya ya jamii haikusaidii sana.

Na msiniletee tena ule ugonjwa wa mapafu wa 2019. Wamarekani 2,807 walilazwa na 68 wakafa mpaka Februari 2020 kwa kuvuta zile sigara za umeme, ni kweli, ila kilichoshukiwa zaidi ni mafuta ya vitamini E asetati yaliyochanganywa kwenye mizigo ya THC ya mitaani, sio ya madukani. Nimeona imewekwa kwenye kazi kama ushahidi wa madhara ya kuhalalisha, na nimeona kazi nyingine imeiweka kama ushahidi wa faida ya kuhalalisha. Ukitaka kuitumia sema mzigo ulitoka wapi, basi.

Sasa nchi. Wengi wanakimbilia Colorado mana data imejaa, sheria yao ya 2013 iliamuru kabisa serikali ya jimbo ichunguze athari na kutoa ripoti, na ripoti zipo bure. Ila Colorado ina tatizo la "kabla". Wananchi walipiga kura Novemba 2012, kumiliki kukawa halali Desemba, maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Utaanzia kuhesabu wapi? Afu bangi ya matibabu ilishapitishwa toka mwaka 2000, na kuanzia 2009 maduka ya hiyo bangi ya matibabu yalikuwa yameshaota kila kona. Kwaiyo "kabla" yako haikuwa kavu, ni kama kupima mvua ya masika wakati ndoo tayari ina maji ya vuli. Ukiichagua Colorado lazima uweke na majimbo ya kulinganisha pembeni, bila hivyo usiende.

Uruguay naipenda kwa moyo lakini kichwa kinakataa. Walipitisha sheria Desemba 2013 wakati wa Rais Mujica, nchi ya kwanza duniani kuhalalisha mpaka mnyororo mzima wa kuuza, na walifanya kibabe: ulime mwenyewe miche 6, au ujiunge na klabu ya watu 15 mpaka 45, au ununue famasi, uchague kimoja, ujiandikishe, na famasi unatambuliwa kwa alama ya kidole, gramu 10 kwa wiki. Matangazo hakuna, mgeni hauziwi. Famasi zenyewe zilianza Julai 2017, karibu miaka minne baada ya sheria, na baadhi zikajitoa kwa sababu benki ziliogopa sheria za Marekani. Kwa mtu wa sheria au wa sera ni nchi nzuri kuliko zote, unaona jinsi serikali inavyoweza kuhalalisha bila kugeuza kuwa biashara ya matangazo. Kwa mtu wa afya nchi ni ndogo, watu kama milioni 3 na nusu, na machapisho mengi ni ya Kihispania. Kama Kihispania unakisoma, sahau nilichosema, nenda.

Kuna mtu atauliza mbona Afrika Kusini siisemi na wako karibu. Mahakama yao ya Katiba iliruhusu mtu mzima kuvuta na kulima kwa matumizi yake faragha Septemba 2018, sheria ikasainiwa 2024, lakini kuuza bado ni kosa. Ni mfano mzuri wa kuondoa jinai tu bila duka, usiuchanganye na Colorado kwenye jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja. Uholanzi hivyohivyo, wanavumilia migahawa toka 1976 lakini mzigo unaoingia mlango wa nyuma uliachwa haramu miaka mingi. Thailand ndo usiiguse kabisa, waliitoa kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 bila kanuni za maana, 2025 wakarudi kudai cheti cha daktari, utashindwa hata kusema unapima sheria ipi.

Inabaki Kanada na hapa ndo ningekupeleka. Tarehe ni moja nchi nzima, 17 Oktoba 2018, na dodoso lao la taifa la bangi walianza 2017, yaani "kabla" ipo. Nao walikuwa na bangi ya matibabu toka 2001, sikatai, ila kinachonivutia ni walivyofanya kwa awamu mbili. Kwanza wakaruhusu majani na mafuta, afu Oktoba 2019 wakaruhusu vya kula, mwisho miligramu 10 za THC kwa pakiti, vikaanza kuingia madukani mwishoni mwa mwaka na Januari 2020. Na jimbo la Quebec likakataa, likasema pipi na chokoleti na chochote kinachovutia watoto hakiuzwi, na umri likapandisha mpaka 21. Unaona ulichopata hapo? Nchi moja, sheria mama moja, mfumo wa afya unaofanana, upande huu pipi zipo upande ule hazipo. Watafiti wakaangalia watoto wadogo waliolazwa kwa kula bangi bila kujua. Awamu ya kwanza walipanda pande zote, Quebec nao wakiwemo. Awamu ya pili majimbo ya Ontario, Alberta na British Columbia wakapanda tena sana, Quebec hawakupanda hivyo. Hospitali, na mahali pa kulinganisha, na swali ambalo hata mama muuza vitumbua analielewa: pipi ilikuwepo nyumbani au haikuwepo. Dosari yake ni Korona, iliingia miezi hiyohiyo watu wakakaa ndani na watoto na makabati yao, uitaje kwenye kazi yako kabla paneli hawajaitaja wao.

Kwaiyo ukiwa na muda mfupi na hesabu zako za kawaida, chukua Kanada, hospitali, watoto na vya kula. Ukiwa unaijua takwimu na una supavaiza mvumilivu, Colorado na barabara, ukiweka vifo na madai ya bima pamoja. Sheria na sera, Uruguay. Magonjwa ya akili usiyaguse kwa kazi ya miezi mitatu, sio kwamba hayapo, ripoti kubwa ya 2017 ya National Academies, taasisi za wanasayansi za Marekani, ilisema ushahidi wa bangi na magonjwa ya kuchanganyikiwa ni mzito, ila hayo yanachukua miaka kujitokeza na hutayaona kwenye grafu ya miaka miwili baada ya sheria.

Na kama umeng'ang'ania lazima iwe na Tanga ndani yake, usiandike athari za kuhalalisha, andika hali ilivyo sasa, hiyo "kabla" ambayo Colorado waliikosa. Kaangalie kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia takwimu za wagonjwa hospitalini, na mafaili, kijana akiletwa kachanganyikiwa au anatapika, je, alichovuta kinaandikwa au kinaandikwa ugonjwa tu. Hata ukigundua hakiandikwi, hayo nayo ni matokeo. Ila mafaili ya wagonjwa hayafunguliwi kwa barua ya chuo peke yake, unahitaji kibali cha maadili na ruhusa ya mkoa na ya hospitali, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wana kituo hapahapa Tanga kwaiyo wa kuwauliza wapo, na anza kufuatilia kabla hata hujamaliza sura ya kwanza mana vibali havina haraka yako.